Yakobo akiwa babu: tafakari baada ya kumzika babu yetu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Neno la wiki hii ni mstari mmoja tu, Waebrania 11:21, "Kwa imani Yakobo, alipokuwa katika kufa, akambariki kila mmoja wa wana wa Yusufu, akaabudu akiegemea kichwa cha fimbo yake." Wengi wenu mnajua Jumamosi tulikuwa Mwika, kule Kilimanjaro, kumzika babu yetu mzaa baba, na tangu siku ile huu mstari nalala nao naamka nao, kwa hiyo naomba tuutafakari pamoja na mnivumilie nikiwa mrefu kidogo.

Kwanza tuangalie umekaa wapi. Waebrania 11 ni ile sura ya mashujaa wa imani, Nuhu katajwa kwa safina, Ibrahimu kwa kutoka kwao bila kujua aendako na kwa kumtoa Isaka, Musa kwa kukataa kuitwa mwana wa binti Farao. Alafu inafika zamu ya Yakobo. Huyu ni mtu aliyeota ngazi imefika mbinguni kule Betheli, akapigana mweleka usiku kucha pale Penieli mpaka nyonga ikateguka, akapewa jina la Israeli ambalo taifa zima linalibeba mpaka leo. Mimi ningeambiwa nichague tukio moja la imani kwenye maisha yake ningechukua Penieli bila kusita. Mwandishi wa Waebrania hakuichukua Penieli wala Betheli, kamchukua mzee wa miaka 147 anayekaribia kufa, macho hayaoni vizuri, kaegemea fimbo, anawawekea mikono wajukuu wake wawili. Basi. Hiyo ndio imani ya Yakobo iliyoingia kwenye orodha.

Jumamosi pale msibani ulisomwa wasifu wa marehemu kama ilivyo kawaida yetu. Kazaliwa wapi, kabatizwa, kapata kipaimara, mkulima wa kahawa, mwanachama wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa tangu ujana wake, mzee wa kanisa, ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu. Shangazi aliusoma vizuri sana na yote yalikuwa kweli. Lakini mimi nilikuwa nimesimama huku pembeni kwenye migomba maana turubai lilishajaa, na nikatazama wajukuu tulivyokuwa tunalia, watu wazima wenye watoto wao, nikajua kabisa hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa anamlilia mwanachama wa chama cha msingi.

Niwaelezee kidogo kwa wasiomjua. Kihamba cha Babu, yaani shamba linalozunguka nyumba, sio kikubwa, kahawa chini, migomba juu yake, mfereji unapita pembeni, ng'ombe wa ndani wanakatiwa majani. Kahawa ile ndio iliyowasomesha baba na ndugu zake, kupitia KNCU, ule ushirika wetu wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanza 1933. Ushirika ulipovunjwa 1976 Babu aliumia sana, uliporudi akarudi nao. Alafu 1989 ukavunjika ule mkataba wa kimataifa uliokuwa unashikilia bei ya kahawa, bei ikaporomoka, kuna majirani waling'oa mibuni wakapanda nyanya na mahindi, na watu wa rika la baba yangu wakashuka mjini, Moshi, Arusha, Dar, kutafuta maisha. Sisi watoto wao tukabaki kwa Babu na Bibi. Kizazi changu wengi kule mlimani tumelelewa na wazee, sio kwamba wazazi hawakutupenda, ni maisha yalivyokuwa, na ndio maana nikisoma habari za Yakobo na wana wa Yusufu naona kama naisoma ya kwetu.

Fungueni Mwanzo 48. Yusufu anaambiwa baba yako anaumwa, anawachukua wanawe Manase na Efraimu anakwenda. Mzee akisikia mwanawe amekuja anajitia nguvu, anaketi kitandani. Hilo tu la kujitia nguvu linanigusa, sababu nimeliona kwa macho yangu, mtu hajala toka jana lakini akisikia sauti ya mjukuu getini anaomba ainuliwe akae. Sasa wengi tunapochora hii picha kichwani tunaona vitoto viwili vidogo vimepakatwa. Hapana. Hesabuni wenyewe, hawa walizaliwa kabla ya miaka ya njaa, na Yakobo aliingia Misri njaa ikiwa na miaka miwili, akaishi kule miaka 17 ndio akafa. Kwa hiyo Efraimu na Manase walikuwa vijana wa miaka kama 20 hivi, vijana wa mjini kwelikweli, mama yao Asenathi binti wa kuhani wa Oni, baba yao mkubwa wa pili kutoka kwa Farao. Vijana wa umri ule wenye mambo yao, na wakaenda, wakashikwa vichwa na mzee mchunga kondoo.

Babu alikuwa na utaratibu wake. Kila Januari mwanzoni, Krismasi imeisha na watu tunajiandaa kurudi mjini, mabegi yameshatolewa nje, mikungu ya ndizi imeshafungwa kwenye gari, hakuna aliyekuwa anaruhusiwa kupanda mpaka apite barazani kwake. Tulikuwa tunapanga foleni kwa umri. Kila mmoja anainama, Babu anamwekea mkono kichwani, mkono mzito wenye sugu za panga, anamtaja jina lake la ubatizo na anamalizia na Zaburi 121:8, "Bwana atakulinda utokapo na uingiapo, tangu sasa na hata milele." Awe mtoto wa chekechea awe meneja wa benki, anainama. Kuna mwaka binamu yangu mmoja aliyekuwa hataki tena habari za kanisa alisema yeye atasubiri kwenye gari. Babu hakugomba, alichukua mkongojo wake akashuka ngazi polepole mpaka kwenye gari, akaingiza mkono dirishani akamwekea kichwani, akamwombea palepale na injini inaunguruma. Huyo binamu Jumamosi ndiye aliyebeba msalaba mbele ya jeneza.

Nikisema imani namaanisha hicho. Baraka ya Yakobo haikuwa maneno ya kuaga tu. Alikuwa anakufa ugenini Misri, hana hata shamba kule Kanaani zaidi ya lile la makaburi na kipande alichonunua Shekemu, na bado anawagawia wajukuu nchi kana kwamba hati anayo mfukoni. Anamwambia Yusufu, Efraimu na Manase watakuwa wangu mimi, kama Reubeni na Simeoni. Yaani wamezaliwa ugenini na mama Mmisri, na babu anawaingiza kwenye urithi kama watoto wake wa kuwazaa. Kwetu pia lilikuwepo jambo la namna hii na naliandika kwa ruhusa ya mwenyewe. Kuna mjukuu mmoja alizaliwa nje ya ndoa, na upande fulani wa ukoo kwa miaka mingi walikuwa wakihesabu wajukuu wanamruka. Babu wiki zake za mwisho aliita shangazi amsomee rasimu ya wasifu, akasikiliza mpaka kwenye majina, akasema rudia. Akarudia. Akasema hapo kati ya huyu na huyu kuna mtu, muandike. Na Jumamosi jina lake likasomwa kwa sauti mbele ya ukoo wote, kwa mpangilio wa umri, mahali pake.

Sasa upande wa ndoa. Hapa tuseme ukweli, Yakobo sio mfano wa kuiga kirahisi, nyumba yake ilikuwa na wake wawili ndugu na vijakazi wawili na kilio kisichoisha, Lea hakupendwa na Biblia haifichi. Raheli ndiye alitumikiwa miaka saba na ikawa machoni pa Yakobo kama siku chache tu kwa vile alivyompenda. Lakini angalieni mzee anavyokufa. Katikati ya kuongea na Yusufu mambo ya urithi, bila kuulizwa, anaanza kusimulia Raheli alivyomfia njiani karibu na Efrata, ndio Bethlehemu, na alivyomzika palepale njiani. Miaka mingi imepita na bado kidonda kinaongea. Alafu sura ya 49 anapotoa maagizo ya maziko yake anataja pango la Makpela, anasema huko walimzika Ibrahimu na Sara mkewe, huko wakamzika Isaka na Rebeka mkewe, nami huko nikamzika Lea. Na anataka alazwe huko. Mimi kila nikifika hapo nasimama. Yule asiyependwa ujanani ndiye anayekwenda kulala naye kaburi moja. Maandiko hayatuambii moyo wake ulibadilika lini na kwa namna gani, ila mtu anapochagua mahali pa kuzikwa anakuwa amesema jambo.

Babu na Bibi walifunga ndoa miaka ya 1960 mwanzoni, uhuru ukiwa bado mbichi. Nina tukio moja la ndoa yao nililiona nikiwa mdogo na nadhani limenifundisha Injili kuliko mahubiri mengi. Walikuja wazee wa ukoo kwa kikao, na maongezi yakiendelea Bibi akachangia neno kuhusu malipo ya pili ya kahawa, Babu akamkatisha kwa ukali mbele za watu, akamwambia hayo hayakuhusu. Bibi akanyamaza akaendelea kugawa chai. Usiku ule jikoni hakuimba, na Bibi alikuwa haoshi vyombo bila kuimba.

Asubuhi yake Babu akatoka na panga mpakani, akarudi na jani la sale. Kwa msiojua, sisi Wachaga sale ni mmea wa amani, tunaupanda mpakani mwa vihamba, na mtu aliyekukosea akikuletea jani la sale kukuomba radhi humkatalii. Kwa kawaida ni kitu cha ugomvi mzito, mashamba, mapigano, koo na koo. Babu alilileta kwa mke wake. Akatuita sisi watoto tusimame palepale jikoni, akatuma aitwe na jirani mmoja aliyekuwepo kwenye kikao jana yake, akasema nilikosea mbele za watu na naomba radhi mbele za watu. Bibi alikuwa anakoroga uji. Akaweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kitenge, akalipokea jani kwa mikono miwili na akalichomeka kwenye boriti juu ya mafiga, na pale lilikaa miezi likikauka kwa moshi mpaka likawa jeusi. Kila tukiota moto tunaliona.

Nilipokuja kusoma 1 Petro 3:7 nikiwa mkubwa, pale waume wanapoambiwa wawape wake zao heshima kama warithi pamoja wa neema ya uzima "kusudi kuomba kwenu kusizuiliwe", nikaelewa kwa nini Babu alikuwa na haraka namna ile asubuhi ile. Alikuwa mtu wa maombi. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri anatuombea wote kwa majina, na alijua hawezi kupanda mbele za Mungu na mke wake amenyamaza jikoni.

Bibi alipopata kiharusi miaka kadhaa iliyopita upande wa kulia ukalegea. Kina mama wa jumuiya wakajitolea kuja kwa zamu, na Mungu awabariki hawajaacha mpaka leo. Babu aliwapa kufua na kufagia, kupika hakuwapa. Mzee wa Kichaga wa umri wake, ambaye maisha yake yote jikoni alikuwa anaingia kuota moto tu, akajifunza mtori. Alikuwa anamenya ndizi mshare mwenyewe, utomvu unamwingia kwenye kucha zinakuwa nyeusi kama za fundi gereji, anachemsha na nyama ya mbavu mpaka inaachia mfupa, anaponda, anaonja chumvi, anaondoa vinyuzi vyote vya nyama maana Bibi alikuwa anapaliwa. Anamlisha kijiko kwa kijiko kwa mkono unaotetemeka, na mara ya kwanza kumkuta akifanya hivyo baba yangu alitoka nje akalia nyuma ya zizi. Sio huzuni, alisema, ni kwamba nilikuwa sijui huyu mzee yuko hivi. Kuna wazee wenzake walimwambia amejishusha. Akawajibu huyu alinipikia miaka zaidi ya 50, na mimi sijafikisha hata mitano.

Nataka niseme na wale ambao wakisoma hii wanaumia kwa sababu nyingine. Najua humu kuna ndugu ambao babu zao walikuwa wa pombe na fimbo, wengine hamkuwahi kumjua babu wala baba, na ukisikia mtu anamsifu marehemu wake unabaki mtupu. Kwa ajili yenu namrudia Yakobo. Aliposimama mbele ya Farao akiwa na miaka 130 alisema siku za maisha yake zimekuwa chache, tena za taabu, na hakudanganya, alimdanganya baba yake, akadanganywa na mjomba wake, akaletewa kanzu ya mwanawe ina damu. Miaka 17 baadaye ni mtu huyohuyo anaweka mikono juu ya wajukuu anasema, "yeye Mungu aliyenilisha maisha yangu yote hata siku hii ya leo." Maisha ni yaleyale, hakuna tukio lililofutwa. Miaka 17 alikuwa na Yusufu kabla hajauzwa, na Mungu akampa tena 17 ya kukaa naye Misri, na humo ndani akaanza kuiona mikono ya Mchungaji kwenye ile miaka ya katikati aliyodhani imepotea. Kwa hiyo yule asiye na babu wa kumbariki bado anaye Mungu aliyemlisha, na anaweza yeye akawa wa kwanza kwao kuinua mkono juu ya kichwa cha mtoto.

Na tulie jamani, tusitishane na imani. Msibani alikuwepo mpendwa mmoja akipita anatuambia msilie amelala katika Bwana. Amelala katika Bwana, amina, na tulilia. Yusufu alimwangukia baba yake usoni akamlilia na kumbusu, wakampaka dawa siku 40, Wamisri wakaomboleza siku 70, na bado walipofika ng'ambo ya Yordani wakaketi siku saba nyingine. Kisha wakamfikisha kwao, na magari na wapanda farasi, kundi kubwa sana. Nikiona zile kosta zinatoka Dar usiku na jeneza kupandisha Kilimanjaro, watu wakisema ni gharama za bure, namkumbuka Yusufu. Sio bure.

Siku chache kabla Babu hajaondoka mtoto wa jicho alikuwa ameshamfunga macho kabisa, ukiingia anauliza nani huyu, kama Yakobo alivyouliza ni nani hawa. Unataja jina, anapapasa uso, anapata paji la uso, anaweka mkono. Walioko mbali waliwekwa kwenye simu, spika ikafunguliwa, na mkono akauweka juu ya simu. Aliwapitia wote. Alipomaliza akamwambia baba alete kiti cha Bibi karibu zaidi, na aliyoongea na mkewe pale ni yao.

Kilichobaki sasa ni Bibi. Matarumbeta yameondoka, turubai limefunguliwa, magari yameshuka, na nyumba ile ina mjane mwenye kiharusi ambaye kwa miaka hii yote mtori alikuwa analishwa na mkono mmoja tu aliouzoea. Wajukuu tumepangana zamu, wawili wawili kila mwezi, na wa zamu ya kwanza wameshabaki kule. Wapendwa mlio karibu, Mwika, Mamba, Marangu, mkipata nafasi mpitieni, ongeeni naye taratibu anasikia vizuri, na asikwambieni mtu kwamba hajui kinachoendelea.

Tuombe. Mungu wa Ibrahimu, wa Isaka na wa Yakobo, uliyemlisha babu yetu maisha yake yote, tunakushukuru kwa mkono ule. Mlaze pamoja na watakatifu wako mpaka siku utakapomwamsha. Mfariji Bibi, mpe usingizi usiku, mpe hamu ya kula kutoka mkono mwingine. Wakumbuke waume wote wanaosoma hapa ambao leo nyumbani kuna mtu amenyamaza jikoni, wape miguu ya kwenda mpakani kutafuta jani. Na mjukuu yeyote anayesubiri kwenye gari, Bwana, mfikie dirishani. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Masomo ya wiki: Mwanzo 47:27 mpaka 50:14, gaweni kwa siku, na msome kwa sauti na watoto wakiwepo.